Joto Ulilokwisha Kulilipia: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Mafundi

Barua za safari hii zimetoka pande mbalimbali, na karibu zote zinauliza kifaa cha kununua. Sisi tumeanza kila mara na swali lililo nyuma ya hilo: joto ambalo umekwisha kulilipia linapotelea wapi? Nyuzi zote humu ni za Selsiasi, na uniti ni uniti ya umeme unayoijua, yaani kilowati-saa moja.

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Njombe. Juu ya paa kuna paneli mbili bapa za kupasha maji kwa jua na tangi la lita 300. Jioni maji yanaunguza, lakini saa kumi na mbili asubuhi ni vuguvugu. Fundi anasema nibadilishe tangi. Ni kweli?

JIBU: Usibadilishe tangi kabla hujalipima. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja inameza wati-saa 1.163, kwa hiyo lita zako 300 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zimebeba uniti 14 hivi. Tangi lililovikwa povu la polyurethane lenye unene wa sentimita 5, likiwa kavu na zima, hupoteza uniti moja na nusu hadi mbili kwa saa 24. Kwa usiku mmoja hiyo ni nyuzi tatu tu. Tangi likishuka nyuzi 20 kabla ya mtu yeyote kuoga limepoteza uniti saba, na kwa kawaida povu halilaumiki kwa hasara kubwa kiasi hicho.

Tafuta siku mbili zisizo na wageni. Siku ya kwanza, saa kumi na mbili jioni, chota maji karibu na tangi uyapime, kisha funga valvu ya maji moto yanayoshuka nyumbani. Bomba la kupumulia na valvu ya usalama visiguswe kamwe, maana maji yanayotoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa asilimia 1.5, na kwenye tangi lako hizo ni lita nne na nusu zinazotafuta pa kwenda. Alfajiri pima tena. Siku ya pili rudia huku valvu ikiwa wazi. Joto likibaki siku ya kwanza na kupotea ya pili, kosa liko kwenye mabomba ya ndani. Likipotea siku zote mbili, kosa liko juu ya paa.

Kosa la juu ya paa tunalolikuta mara nyingi ni maji kuzunguka kinyumenyume usiku. Mchana paneli inapasha maji, yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye tangi yenyewe bila pampu. Usiku paneli inapoa kuliko hewa kwa sababu inaitazama mbingu tupu, na maji yaliyomo yanakuwa mazito. Tangi likiwa chini mno, maji hayo mazito yanateremka na kuingia tangini kwa bomba la chini, na maji moto ya juu yanavutwa kwenda kupoa kwenye paneli. Saa tatu au nne usiku panda na ushike bomba linalotoka kichwani mwa paneli kwenda tangini, ulishike pale karibu na paneli. Linatakiwa liwe baridi kama hewa. Likiwa na joto, umekwisha kumpata mwizi. Dawa ni kuinua tangi mpaka kitako chake kiwe angalau sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli, na bomba lipande moja kwa moja bila kibonde wala kilima. Kilima kimoja kidogo kinakamata hewa, na mzunguko wa mchana unasimama.

Kama kosa ni la ndani, shuku mabomba ya kuogea yenye vishikio viwili. Mtu anafunga kichwa cha bomba huku akiacha vishikio vyote wazi, na maji baridi yanapenya upande wa moto usiku kucha. Funga maji baridi yanayoingia tangini, fungua bomba la moto la sinki. Mtiririko ukiisha baada ya muda mfupi, uko salama. Ukiendelea bila kukoma, kuna chumba kinachochanganya. Weka valvu za njia moja kwenye pande zote mbili, ya moto na ya baridi, za bomba la kuogea la chumba hicho.

Njombe ina jambo jingine. Maji ndani ya paneli bapa yanaweza kuganda hata hewa ikiwa na nyuzi tatu au nne, na mabomba ya shaba yakapasuka. Mahali penye umande wa barafu, paneli iwe na mzunguko wake uliofungwa wenye propilini glaikoli, yaani kimiminika kisichoganda kwa baridi hiyo, unaopasha tangi kupitia ukuta au koili. Na tangi lifikie nyuzi 60, kwa hita ya umeme siku za mawingu, kwa sababu bakteria wa lejionela, waletao ugonjwa wa mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45.

SWALI: Kiwanda chetu cha majani ya chai kiko Kericho. Boila ni ya kuni na inatoa kama tani 4 za mvuke kwa saa kwa shinikizo la bar 7. Kuni zinatumaliza. Tumeletewa bei ya ikonomaiza, kifaa cha kuweka kwenye bomba la moshi ili joto la moshi lipashe maji ya kulisha boila. Je, ndipo pa kuanzia?

JIBU: Hapana. Anzeni na maji yanayorudi kutoka kwenye redieta za vikaushio, yaani mvuke uliopoa ukageuka maji, ambayo mafundi wa boila wanayaita kondenseti. Nendeni leo mkapime tangi la maji ya kulisha boila. Tangi lenye nyuzi 45 lina maana kwamba maji moto mengi yanakwenda mtaroni na mnayafidia kwa maji baridi ya mto. Kila mnapopandisha maji ya kulisha kwa nyuzi sita, mnaokoa takriban asilimia moja ya kuni. Kutoka 45 hadi 85 ni asilimia sita na nusu. Ikonomaiza inayoshusha moshi kutoka nyuzi 240 hadi 160 itawapa kama asilimia nne, kwa bei kubwa zaidi na kwa kazi ya kusafisha masizi kila wiki.

Kagueni trapu za mvuke, yaani valvu zinazotoa kondenseti na kuzuia mvuke usipite, moja baada ya nyingine, mkiwa na orodha na namba iliyogongwa kwenye kila trapu. Trapu ikiganda ikiwa imefungwa, redieta inajaa maji na inapoa kuanzia chini, kikaushio kinakosa joto, na mtu wa boila analaumiwa bure. Ikiganda ikiwa wazi, mvuke mzima unapita bila kufanya kazi. Mtaisikia ikivuma mfululizo bomba likiguswa kwa fimbo ya chuma iliyoegeshwa sikioni, na tangi la kondenseti litakuwa likifuka kupita kiasi. Kila redieta iwe na trapu yake, ya aina ya boya. Kosa la kuunganisha redieta tatu kwenye trapu moja ni la kawaida na linaumiza: redieta yenye shinikizo kubwa inazizuia nyingine kutoa maji.

Chunguzeni pia mahali trapu inapopelekea maji. Kama inalazimika kuyasukuma juu kwenye bomba la darini, siku ambayo kikaushio kinahitaji joto kidogo shinikizo ndani ya redieta linashuka, maji hayapandi, na mvuke unapokutana na maji yaliyolala mtasikia bomba likigongwa kama kwa nyundo. Kishindo hicho kinapasua gasketi na viungo. Acheni maji yateremke yenyewe mpaka kwenye tangi dogo la kupokelea, kisha pampu ndiyo iyapandishe.

Hapa tunaomba mtulie nasi, kwa sababu hesabu nyingi zinazoletwa na wauzaji ni za usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji yanachemka kwa nyuzi 93, si 100. Mambo mawili yanabadilika.

La kwanza, kondenseti inayotoka kwenye bar 7 ina nyuzi 170. Ikifunguliwa kwenye hewa yenu, kilo 14 hadi 15 za kila kilo 100 zinageuka mvuke papo hapo. Kwa hiyo bomba la kurudishia lipimwe kwa ukubwa wa mvuke huo, si wa maji. Bomba jembamba linajaza shinikizo la nyuma na trapu zinashindwa. Mvuke huo msiuachie angani: uingizeni chini ya maji ya tangi la kulisha kwa bomba lenye matundu madogo, nao utayapasha bila kuni hata moja.

La pili ni pampu. Maji ya nyuzi 85 yanakaribia kuchemka, na pampu ikiyavuta yanafanya mapovu yanayopasuka na kutafuna pangaboi. Mtajua kwa mlio kama wa changarawe ndani ya pampu. Kwenye usawa wa bahari, hewa inayasukuma maji hayo kwa nguvu inayobaki sawa na kimo cha mita 4.6. Kwenu inabaki mita 2.3 tu. Someni namba ya NPSH kwenye kitabu cha pampu, yaani kimo cha msukumo ambacho pampu inakihitaji mdomoni ili maji yasifanye mapovu. Ikiwa ni mita 3, tangi lenye maji mita 3 juu ya mdomo wa pampu litawapa mita 5.3, mtoe nusu mita ya msuguano wa bomba, na mtabaki na 4.8, akiba ya kutosha. Tangi lililowekwa chini sakafuni halitafanya kazi, na hapo ndipo watu wanapoamua kupoza maji ili pampu isilie. Yaani wanatupa kuni ili kuokoa pampu. Inueni tangi.

Kondenseti ikirudi na rangi ya kutu, msiipuuze. Ni gesi ya kaboni iliyotoka kwenye maji ya boila, imeyeyuka na kuwa asidi hafifu inayokula bomba la kurudishia kuanzia sehemu yake ya chini. Ongeeni na mtaalamu wa maji ya boila kuhusu dawa ya amini, na kila mnapowasha kiwanda baada ya mapumziko mmwage maji ya dakika za kwanza mpaka yatoke maangavu.

Vikeni mabomba. Bomba la inchi 4 lililo uchi lenye mvuke wa nyuzi 170 linapoteza zaidi ya wati 600 kwa kila mita. Likivikwa pamba ya mwamba ya sentimita 5 na bati juu yake, hasara inashuka hadi kama wati 60. Flenji na valvu nazo zivikwe, kwa mifuko inayofunguka ili fundi afikie nati.

Kisha kuni zenyewe. Gogo lililokatwa leo nusu ya uzito wake ni maji. Likikaa bandani mpaka maji yawe moja ya tano ya uzito wake, gogo hilohilo linatoa joto zaidi kwa asilimia 11 hivi, kabla hata ya kuhesabu moto safi na masizi machache. Pasueni magogo manene, yapangeni juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, na banda liwe na paa lakini pande wazi. Hewa moto iliyo juu ya boila inaweza kuvutwa kwa feni ikapulizwe humo.

Baada ya hayo yote, ikonomaiza inaingia. Masharti yake: maji yanayoingia yasiwe chini ya nyuzi 70, moshi usitoke chini ya nyuzi 130 mkitumia kuni, mapezi ya mabomba yawe na nafasi pana kwa sababu majivu ya kuni yanaziba, na kuwe na mlango wa kusafishia pamoja na njia ya moshi ya kuepuka ikonomaiza wakati wa matengenezo. Iwe pia na valvu yake ya usalama. Pampu inayowaka na kuzima humwachia fundi hatari ya maji kuchemka ndani ya ikonomaiza iliyosimama, hivyo badilisheni ulishaji uwe wa mfululizo.

Mmeuliza pia kuhusu tangi la kuhifadhi mvuke kwa saa za pilikapilika. Lipo na linafanya kazi: ni chombo cha shinikizo kilichojaa maji moto, ambayo shinikizo likishuka yanatoa mvuke. Lakini tani 10 za maji zikishuka kutoka bar 10 hadi 6 zinatoa kilo 400 tu za mvuke. Linafaa kwa kiwanda chenye mahitaji ya ghafla ya dakika chache. Vikaushio vya chai vinakula mvuke kwa mfululizo, kwa hiyo kwenu halina kazi.

SWALI: Ushirika wetu wa maziwa Nyandarua unapoza lita 2,000 kwa siku kutoka nyuzi 28 hadi 4. Kondensa, sehemu ya mashine inayotupa joto, inapuliza hewa moto nje, na wakati huohuo tunachemsha maji ya kuoshea kwa umeme. Joto lile linaweza kukamatwa?

JIBU: Linaweza, na ushirika ni mahali panapofaa hasa, kwa kuwa joto linapatikana karibu na saa mnayolihitaji. Maziwa yenu yanatoa uniti 54 za joto kwa siku. Umeme wa kompresa, kama uniti 18, nao unageuka joto. Jumla ni 72. Mkikamata nusu yake, mnapata karibu lita 800 za maji kutoka nyuzi 16 hadi 55.

Kifaa ni kibadilisha joto kinachofungwa kati ya kompresa na kondensa. Gesi moto ya kupozea inayotoka kwenye kompresa inaingia juu na kutoka chini, maji yanaingia chini na kutoka juu. Nunueni chenye kuta mbili zenye upenyo kati yake, ili kikitoboka gesi na mafuta ya kompresa yavuje nje mkaone, badala ya kuingia kwenye maji ya kuoshea vyombo vya maziwa. Hapo msikubali cha bei nafuu.

Kondensa ya zamani ibaki mahali pake; kuiondoa ni kosa la kwanza. Tangi likishajaa maji moto, ndiyo itakayobeba kazi yote. Kosa la pili ni kinyume chake: asubuhi tangi likiwa na maji baridi, gesi inapozwa mno, shinikizo la upande wa juu linashuka, valvu ya kutanulia inakosa msukumo, na maziwa yanachelewa kupoa. Feni ya kondensa iwe na swichi ya shinikizo ili izime yenyewe wakati huo. Maji yavutwe kutoka kitako cha tangi na yarudi juu polepole, tangi liwe refu na jembamba, ili maji moto yakae juu bila kuchanganyika na baridi. Pampu yenye nguvu kupita kiasi inavuruga tabaka hizo na kuwaachia lita 800 za vuguvugu.

Maji ya nyuzi 40 hivi, baada ya kuchanganya, ndiyo yanayofaa suuza ya kwanza. Baridi yanaacha mafuta yameganda, na yanayozidi nyuzi 60 yanapikia protini ya maziwa kwenye chuma. Kwa sabuni ya magadi mnahitaji kuanza na nyuzi 70 hadi 80, kwa hiyo hita ya umeme ibaki, ila sasa inapandisha kutoka 55 badala ya 16.

SWALI: Nimehamia Uingereza. Nyumba niliyopanga ina hita nzito za ukutani zinazochaji usiku. Mchana zina moto, jioni nikirudi kazini zimepoa, na bili ni kubwa. Zimeharibika?

JIBU: Pengine ni vishikio tu. Ndani yake kuna matofali mazito yanayopashwa na umeme nafuu wa usiku mpaka zaidi ya nyuzi 600. Hita ya kilowati 1.7 ikichaji saa saba inaweka uniti 12 hivi. Zile za kawaida zina vishikio viwili. Cha kuingiza kinaamua zichaji kiasi gani usiku, nacho ukipandishe baridi inapokuja. Cha kutoa kinafungua mlango wa hewa. Kikiachwa wazi usiku, joto linatoka huku likiingia, na mchana linakwisha ukiwa kazini. Kifunge unapolala na unapoondoka, kifungue ukirudi.

Angalia pia saa za umeme nafuu kwenye mkataba na kwenye mita. Nyingi ni kama saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi, na mita isiyobadilishwa saa zinaposogezwa majira ya joto inapishana na saa yako kwa saa moja. Anayefua nguo kwa mashine bila kuzijua saa hizo analipa bei ya mchana. Hita ndogo ya kuchomeka isitumike kufidia jioni, kwa kuwa inakula bei ya mchana. Wala usianike nguo juu ya hita hizo: kikatio cha usalama kinakata, na aina nyingi zinahitaji fundi kukirudisha.

SWALI: Nimesikia nta inahifadhi joto kuliko maji. Nijaze nta kwenye tangi langu?

JIBU: Inategemea unatumia nyuzi ngapi. Nta ya parafini inayoyeyuka karibu na nyuzi 58 inameza kilojuli 200 kwa kilo wakati wa kuyeyuka. Kati ya nyuzi 50 na 60, lita ya nta inabeba mara nne ya lita ya maji. Lakini kutoka 20 hadi 60, ambayo ndiyo safari ya maji ya kuoga, inazidi kwa theluthi moja tu, na inapitisha joto kwa shida, theluthi moja ya maji. Ikiganda kwenye koili inakuwa blanketi, na joto lililo nyuma yake halitoki kwa kasi unayotaka. Itahitaji mapezi mengi ya alumini ndani, na inawaka moto. Kama nafasi unayo, tangi kubwa la maji lililovikwa vizuri litakugharimu kidogo na fundi yeyote wa mtaani ataweza kulitengeneza.